Kiu ya Ngozi

Mnaniona napitisha sindano kwenye nywele kabla sijatoboa kiatu, mnacheka. Mnasema fundi ana chawa. Sawa, chekeni, viatu vyenu bado viko kwenye maji na hamna pa kwenda. Ngojeni niwaambie ilianzia wapi.

Zamani sana, kabla mtu hajajua kufuma nguo, ngozi ilikuwa haipasuki. Ng'ombe akichunwa leo, mwezi ujao ngozi yake iko laini vilevile. Unakunja, unatoboa, unashona, basi. Hakuna kuloweka, hakuna mafuta, hakuna presha. Na watu wa mbugani walikuwa na utaratibu wao kisimani: ng'ombe anakunywa kwanza, mtu baadaye. Hakuna aliyeuliza kwa nini.

Ukaja mwaka ambao mvua iligoma. Kisima kikashuka mpaka ukitupa kata unasikia inagonga mawe. Mlinzi wa kisima alikuwa Lugiko, na mke wake Milembe alikuwa ametoka kujifungua. Lugiko akaangalia yale maji, akamfikiria mtoto. Akasema, "Leo watu kwanza."

Watu wakanywa. Ng'ombe wa Lugiko, jike zee jekundu lililowalisha maziwa nyumba nzima, likaja kwenye hori likakuta tope. Likalamba tope. Tope lilipoisha likalamba mbao. Jua halijazama likafa, ulimi nje, umekauka kama kigae.

Alikufa na kiu, na ile kiu haikufa naye. Ilibaki kwenye ngozi. Ikatoka kwake ikaenda kwenye ngozi zote za kijiji, za kulalia, za kuvaa, za viatu, zote zikaanza kulia kra, kra, kama majani makavu.

Kisima nacho kikaisha. Ikaamuliwa watu wahamie mtoni, jua likipoa tu safari ianze. Sasa, katikati pale palikuwa na mbuga ya fisi. Kitu kikidondoka nyuma hakirudiwi, kiwe kibuyu, awe mtoto.

Milembe alihitaji mbeleko. Mkono mmoja ni wa kushika mtungi kichwani, mwingine wa kumvuta mwanawe mkubwa. Yule mtoto mchanga angekaa mgongoni, na mgongoni mtu hana macho. Akachukua ngozi ya yule ng'ombe, akachomeka sindano ya mfupa. Kra! Ufa. Akahamia pembeni, akatoboa, akavuta uzi. Kra! Ufa ukakimbia kutoka tundu mpaka tundu.

Uani kwa jirani mtu akapiga yowe. "Jamani! Yangu imekatika, mtoto kanidondoka!"

Milembe akageuza ngozi, akatafuta pengine pa kutoboa. Nje mizigo inafungwa, mbuzi wanahesabiwa, mtu anauliza, "Bado nani?" Bado yeye.

Mle ndani kulikuwa na pembe yenye siagi kidogo, ya mwisho, ya maziwa ya ng'ombe yuleyule. Mama mkwe wake, Nkwimba, alikuwa nje anafunga mzigo. Alishamwona mtoto pale mkekani amekauka kwa upepo, visigino vimechanika. Akapaza sauti, "Mkwe! Ipake ngozi mafuta, si unaona inapasuka!"

Milembe hakuuliza ngozi ipi. Macho yake yote yalikuwa kwenye ile iliyo mapajani. Akaimiminia pembe nzima, akasugua.

Nkwimba akaingia. "Mafuta yako wapi?"

"Nimeshapaka, mama."

"Umempaka nani? Mbona mtoto kapauka kama katoka jivuni?"

"Si ulisema ngozi, mama."

"Ngozi ya mtoto, we mwanamke! Nani anampaka mafuta ng'ombe aliyekufa? Anakwenda harusini?"

Milembe akainamia ngozi. Machozi yakamdondoka, yakaanguka palepale kwenye ngozi, na ngozi ikayanywa. Wote wawili wakaona. Mafuta nayo yalikuwa yanazama taratibu. Ngozi ikawa nyeusi, ikalegea, ikajilaza mapajani kama mnyama aliyeshiba.

Nkwimba akaigusa kwa kidole. "Kumbe lilikuwa bado lina kiu," akasema, polepole. "Shona mwanangu, shona, wanaondoka."

Akashona. Sindano ikaingia kimya. Imebaki kona moja tu ya mkanda, mafuta hayakufika pale, ngozi ikaanza kulia tena. Na pembe tupu. Milembe akapitisha sindano kwenye nywele zake, akaichovya kwenye mafuta ya kichwa chake mwenyewe, akasukuma. Ikapita.

Njia nzima alitembea sikio liko mgongoni. Watu wanaongea, yeye hasikii. Katikati ya mbuga akasikia kra! Akasimama, akabana pumzi, mtungi ukayumba. Nyuma yake Nkwimba akamsukuma, "Kijiti hicho, umekikanyaga mwenyewe, twende!" Akaenda, lakini hata kumeza mate aliogopa asije akakosa kusikia.

Walipofika mtoni akafungua mbeleko. Mtoto kalala, na anang'aa! Kila hatua mbeleko ilimsugua, mafuta yakamrudia mwenyewe, mpaka visigino. Nkwimba akacheka mpaka akakaa chini. "Basi mimi nilisema sawa," akasema, "na wewe ulisikia sawa." Lugiko hakucheka. Aliwapeleka ng'ombe majini, akasimama nyuma yao na midomo mikavu mpaka wa mwisho alipoinua kichwa.

Na mpaka leo, ya mtu na ya ng'ombe zinaitwa ngozi, jina moja, hakuna aliyethubutu kuzitenganisha. Tangu siku hiyo hatushoni mpaka tuinyweshe, maji halafu mafuta, na sindano tunaipitisha kichwani. Lakini ile kiu haijaisha. Unaituliza tu, kesho inaomba tena.

Ndiyo maana nikimaliza kiatu chako sikupi hapohapo. Nakikunja karibu na sikio, nabana pumzi. Kikinyamaza, chukua uende.