Magadi Yaliyotangulia

Paukwa!

Pakawa!

Lundo!

La taka!

Juu yake nani? Nzi. Chini yake nani? Hapo ndipo pa kusikiliza.

Hapo zamani za kale palikuwa na kilima, na juu ya kilima palikuwa na shimo. Wanyama walitupa humo kila walichokikataa. Mifupa, puu! Ngozi, puu! Matunda yaliyooza, puu! Shimo likajaa, likawa lundo.

Chini ya kilima palikuwa na chemchemi. Hapo aliishi Mama Ngiri na watoto wake. Siku moja akauliza mbele ya wote, "Mzee Nyati, mvua ikinyesha juu ya lundo, maji huenda wapi?"

Nyani akacheka. "Huenda kuwasalimia mashangazi."

Nyati, mkubwa wao, hakucheka. "Tujaribu," akasema.

Wakaenda ziwani. Wakabeba magadi, ile chumvi ya ziwa, wakayamwaga juu ya lundo. Yakitokea chemchemini, watayaonja. Mvua ikanyesha. Ndo! ndo! ndo! Lundo likanywa. Wakashuka, wakalamba maji ya chemchemi. Matamu. Kesho yake, matamu. Masika yakaisha. Matamu.

Nyati akatoa hukumu: "Lundo linakunywa, halikojoi."

Watoto wakaufanya wimbo. Linakunywa, halikojoi! Linakunywa, halikojoi!

Tangu hapo wakatupa bila kuuliza.

Ikatokea wachungaji waliochoshwa na simba wakaacha mzoga wa ng'ombe kichakani. Walikuwa wameutia sumu. Tai akashuka, akala, akaanguka. Wa pili akaanguka. Mama yake Fisi akala tonge moja tu. Hakufika nyumbani. Wanyama wakauburuta ule mzoga, buru, buru, mpaka juu ya kilima.

"Hata huo?" akauliza Mama Ngiri.

"Linakunywa, halikojoi!" wakamjibu kwa pamoja.

Masika yakaja, kiangazi kikaja. Masika tena, kiangazi tena. Nyasi zikaota juu ya lundo. Likapendeza. Nyani akawa analala pale mchana.

Asubuhi moja Fuko, aishiye ndani ya udongo, akatoa pua mlangoni kwa Mama Ngiri.

"Hodi, dada. Kuna kitu kinatembea chini ya kitanda changu."

"Ni nyoka."

"Nyoka hupumzika. Hiki hakipumziki. Tii… tii… tii…"

"Kinaelekea wapi?"

Fuko akageuza pua kuelekea chemchemini. Kisha akasema, "Huku kwako."

Mama Ngiri akaenda chemchemini. Akanywa funda moja. Akasimama. Watoto wake walikuwa wanakuja mbio, mikia juu. Akawazuia kwa ubavu.

"Rudini!"

Akawaita wanyama wote. Maji yalikuwa maangavu. Ungeweza kuhesabu kokoto. Nyani akaonja.

"Ala! Leo tumetiliwa chumvi. Huu ni mchuzi, jamani, leteni ugali!"

Wakacheka. Ndipo akaja Fisi. Mnamjua Fisi. Anakula kwato, anakula pembe, anakula kiatu cha mchungaji na kamba zake. Fisi akanusa maji. Akarudi nyuma.

"Kunywa, bwana," akasema Nyani.

"Sinywi."

Kicheko kikakatika. Hakuna aliyewahi kumsikia Fisi akikataa kitu.

"Hii si chumvi tu," akasema Fisi. "Ni magadi. Magadi ni yetu. Tuliyamwaga kule juu."

"Yale ya zamani?" akasema Nyati. "Yale yalikwisha."

"Hayakwisha, mzee. Yalikuwa njiani." Fisi akawatazama. "Baada ya magadi, tulitupa nini?"

Mmoja mmoja wakageuza shingo kuelekea kilimani.

"Mama yangu alikula tonge moja," akasema Fisi.

Nyati akapiga kwato. "Pandeni! Fukueni! Utoeni ule mzoga!"

Wakapanda. Wakafukua, kwaru, kwaru. Wakaukuta mzoga pale pale walipouweka. Ilikuwa mifupa tu. Myeupe. Imeoshwa.

Fuko akaweka sikio chini. Tii… tii… tii…

"Sumu haipo hapa," akasema. "Imeshaondoka."

"Imefika wapi?" akauliza Mama Ngiri.

"Sijui, dada. Magadi yana miguu myepesi, yametangulia. Mwenzao anakuja polepole. Lakini anakuja."

Mama Ngiri hakungoja. Akaliacha pango alimozalia, akawatanguliza watoto wake, wakashika njia ya nchi kavu. Fisi akafuata. Nyati akafuata, kichwa chini. Wote wakafuata, ila Nyani.

"Maji haya haya, maangavu hivi!" akawapigia kelele. "Mnakimbia nini, nyie waoga?"

Masika yaliyofuata, Korongo alipita angani. Akaiona chemchemi, maji yake maangavu kama zamani. Akamwona Nyani ameketi ukingoni, mkono mmoja ndani ya maji.

"Nyani! Habari za huku?"

Kimya.

"Nyani!"

Nzi wakaruka, wakatua tena pale pale. Korongo alikuwa na kiu. Hakutua.

Wakubwa kwa wadogo, funzo ni hili: ulichokitupa hakijaondoka, kiko njiani, na kukawia kwake si kupotea kwake.

Hadithi yangu imeishia hapo. Maji hayajaishia.