Chungu cha Binti wa Chumvi

Paukwa!

Pakawa!

Nyie wa nyuma sijawasikia. Paukwa!

Pakawa!

Haya. Hapo zamani za kale palikuwa na kijiji cha wafinyanzi. Ng'ambo ya mto walikaa wapika chumvi. Wafinyanzi walisema mikono ya wale imeliwa na chumvi, haiwezi udongo.

Zawena alikuwa binti wa chumvi, naye alitamani mno kuwa mfinyanzi. Akapelekwa kwa Fundi Nyamizi. Desturi ilikuwa hivi: mwanafunzi huchomewa vyungu vitatu, na vyote vikipasuka, anarudi kwao. Siku ya kuchoma, vyungu vya mabinti wa wafinyanzi vilipangwa katikati ya moto. Vya wana wa chumvi vilipangwa ukingoni, upepo unakotokea.

Chungu cha kwanza cha Zawena, ta! Kikapasuka. Cha pili, ta! Kikapasuka. Fundi Nyamizi hakumgombeza. Alimhurumia, akamwambia si kosa lake, ndivyo watu wa chumvi walivyo. Huruma ile ilimuuma Zawena kuliko kofi. Cha tatu akakifinyanga shingo upande, wala hakukisugua.

Siku ya kukichoma akaja Bibi Mwanakombo, mzee aliyemfundisha Nyamizi mwenyewe. Akakishika kile chungu, akakipapasa.

"Mjukuu wangu, mbona hujakisugua?"

"Kitapasuka tu, Bibi. Mimi ni wa chumvi."

Bibi akampa kokoto laini, akamwambia asugue. Zawena akasugua, shu shu shu, shu shu shu, mpaka chungu kikang'aa.

Bibi akaomba leo apange yeye. Nani angemkatalia? Chungu cha Zawena akakiweka katikati. Ukingoni, upepo unakotokea, akaweka mtungi aliofinyanga Fundi Nyamizi kwa mikono yake. Moto ukawashwa, vuu! Zawena akafumba macho.

Ta!

Akajua ni chake. Moto ulipolala wakafukua majivu, na tazama, mtungi wa fundi umepasuka toka mdomoni hadi kitakoni. Bibi akakigonga kwa ukucha chungu cha Zawena. Ngiii! Kizima.

"Mwanangu Nyamizi," Bibi akauliza taratibu, "na mikono yako imeliwa na chumvi?"

Fundi Nyamizi akakaa chini na vipande vyake. Akawakumbuka watoto wote aliowarudisha ng'ambo, mmoja mmoja, akalia. Kesho yake alivuka mto pamoja na Zawena kwenda kuwaita. Wengine walikuja. Wengine walikataa, wakasema wao si watu wa udongo. Fundi aliporudi, Zawena alibaki nao, chungu chake mapajani, akawapa wakigonge wenyewe. Ngiii. Ngiii. Baada ya siku saba walivuka wote.

Basi, wenye kufundisha, kabla hamjalaumu mikono ya mtoto, angalieni mmemweka wapi motoni.

Hadithi yangu imekomea hapo. Na nyie wa nyuma, hebu sogeeni huku katikati.