Tumbaku ya Matanga ya Mke wa Digidigi

Paukwa!
Pakawa!
Palipo na meno?
Pana la kutafuna!
Palipo na pua?
Pana la kunusa!

Mjomba Shemhina, wewe hukuitikia. Ulicho nacho shavuni nakijua. Kaa nacho hivyo hivyo, usikilize.

Hapo kale, chini ya jabali moja kubwa, aliishi Digidigi na mkewe. Juu ya jabali aliishi Pimbi, rafiki yao. Pimbi alikuwa na macho, Digidigi alikuwa na pua. Pimbi akiona adui, hupiga kelele: wiii! Digidigi akinusa adui, hupiga mluzi: zwik! zwik! Wakaishi hivyo, na hakuna aliyeliwa.

Mpaka siku mke wa Digidigi alipokwenda mtoni peke yake, asirudi.

Matanga yakawekwa. Kila jirani akaja na alichojaliwa: huyu majani mabichi, yule maji, yule kuni. Fisi naye akaja, machozi yanamchuruzika, mkononi ana kifurushi cha jani kavu la mgomba.

"Pole sana, mfiwa," akasema. "Mimi sina chakula, nina tumbaku tu. Tafuna. Majonzi yatapungua."

Digidigi akatafuna. Tafu-tafu, tafu-tafu, tfuu! Kichwa kikamzunguka, na kweli, kwa kitambo akasahau. Kesho yake Fisi akaleta nyingine. Keshokutwa akaleta nyingine. Walimwengu husema mtafunaji anapenda tumbaku. Uongo mtupu! Digidigi hakuipenda hata kidogo. Aliitafuna kwa sababu jioni zilikuwa ndefu, na wa kuzungumza naye hakuwapo.

Pimbi akajaribu kumwachisha. Akamhubiria, Digidigi akaitikia "naam, naam," shavu limetuna. Akamfichia tumbaku kwenye ufa wa mwamba. Digidigi akawaka, wakatukanana mpaka majirani wakaona haya.

"Ndugu yangu, unajimaliza," Pimbi akasema.

"Mke wangu amekufa, nawe unaniletea habari za majani!"

Pimbi akarudi juu ya jabali, roho inamuuma.

Siku moja, akiwa huko juu, akamwona Fisi ananyata nyuma ya Digidigi. Upepo ulitoka kwa Fisi ukaenda kwa Digidigi, na Fisi mnamjua anavyonuka, hata kipofu angekimbia. Digidigi hakutikisa sikio. Yeye alikuwa anatafuna tu. Tafu-tafu, tafu-tafu, tfuu!

Fisi akasimama, akacheka kichinichini. "Pua imekufa," akajisemea. "Kesho ni arobaini. Wageni wakishaondoka, namfuatisha mkewe." Akageuka, akaenda zake.

Jabali hubeba sauti. Pimbi aliyasikia yote. Amwambie rafiki yake? Hataamini. Nani mwingine anayekuja kwake kila jioni, kama si Fisi? Pimbi akakaa, akawaza. Halafu akaenda kuwaita ndugu zake wote, wakubwa kwa wadogo.

Arobaini ikafika. Fisi akaja na kifurushi kikubwa kuliko vyote vya nyuma. Pimbi akashuka mpaka jiwe la chini.

"Shikamoo, Mzee Fisi."

"Marahaba."

"Mzee, kwetu anayeleta tumbaku matangani huitafuna yeye kwanza, watu waone haina sumu. Siku zile tulikusamehe, sote tulikuwa tumechanganyikiwa. Leo tunamaliza msiba."

"Haya, nitaonja."

"Kuonja tena, mzee? Mtu hutafuna kwa kadiri ya uchungu wake. Mwenye uchungu mdogo hutia kidogo. Na hatemi mpaka wanaolia wanyamaze."

Fisi akaangaza huku na huku. Macho yote yalikuwa kwake. Nani angekubali kuonekana uchungu wake mdogo, hasa mwenye la kuficha? Akafungua kifurushi, akakitia chote kinywani.

"Ushungu wangu hauna mfano!" akasema, mashavu yamemfura.

"Lieni, ndugu zangu!" Pimbi akasema.

Wiii! Wiii! Wiii! Na kilio cha pimbi hakina mwisho. Mmoja akichoka, mwingine anapokea. Mate yakamjaa Fisi kinywani. Kutema hawezi. Akameza. Wiii! Akameza. Wiii! Akameza. Macho yakamgeuka, magoti yakalegea, tumbo likanguruma: guru-guru-guru! Mara: hoaaak!

Akatapika. Ilitoka tumbaku, zikatoka nywele, ukatoka ushanga mwekundu. Ushanga wa shingoni mwa mke wa Digidigi.

Kilio kikakatika.

Fisi akajikokota, anaanguka na kuinuka, akatokomea porini, na mpaka leo hajarudi kumpa mtu pole. Hakuna aliyemfukuza. Wote walikuwa wanamtazama Digidigi.

Digidigi aliusogelea ule ushanga. Akauinamia, akaunusa. Akaunusa tena. Hakusikia kitu. Ushanga wa mkewe uko mbele ya pua yake, na pua haimwambii lolote. Hapo akalia, kilio ambacho hakuwahi kukilia tangu siku ya kwanza. Akatema iliyokuwa shavuni. Tfuu!

Msidhani aliacha siku hiyo. Atakayewaambia mtu huacha siku moja, huyo hajawahi kukaa na anayeacha. Digidigi alitetemeka, alikosa usingizi, alimtukana Pimbi upya, na siku moja alikutwa anachakura mavumbini akitafuta alichotema. Pimbi hakuhubiri tena. Kila jioni alishuka na utomvu wa mgunga, akaumega vipande viwili.

"Shika hiki," alisema. "Mimi natafuna nawe."

Tafu-tafu, tafu-tafu. Wakazungumza habari za marehemu: alivyocheka, alivyoogopa radi, alivyopenda kubishana. Jioni moja, mvua imekatika, Digidigi akaushusha uso kwenye ushanga. Akanusa, akanusa tena.

"Namsikia," akasema. "Nasikia harufu yake."

Pimbi akaendelea kutafuna. Anatafuna mpaka leo. Mwangalieni juu ya mwamba, mdomo hautulii hata kama hauna kitu.

Na funzo la hadithi hii ni kwamba tumbaku ni dawa kubwa, maana ilimtapisha Fisi siri yake. Basi tafuneni kwa bidii! Ila anayewaletea aanze yeye, ajaze mdomo, na asiteme.

Hadithi yangu imekomea hapo. Ikiwa tamu, mezeni. Ikiwa chungu, temeni.

Mjomba Shemhina, wewe tema. Kesho jioni nitakuja kwako, tuzungumze.