Bwawa la Alder Ford

Alikuwepo Bwana Everett Culpepper, mwenye kiwanda cha mbao na mwenyekiti wa baraza la mji. Alikuwepo Dakta Lyle Hutchins, daktari wa meno. Alikuwepo Bwana Orrin Satterfield, mwenye duka la misumari na rangi. Alikuwepo Bi. Maudine Pruitt, karani wa baraza. Hao walikaa mezani katika kikao cha baraza, nao walikuwa Wazungu. Nyuma, karibu na mlango, palikuwa na viti viwili vya mbao ambavyo watu weusi waliruhusiwa kukalia, na hapo alikuwepo Bi. Odessa Merriweather, mwalimu wa shule, pamoja na Bwana Cleophus Rudd, mtunza bwawa la kuogelea la mji. Hakukuwa na mwingine.

Nimewataja mmoja mmoja kwa makusudi, ndugu zangu. Mifano ya mimbarini huwa na mkulima mmoja, au tajiri mmoja, au mjane mmoja, nasi tunakaa kwenye mabenchi yetu tukidhani ni watu wa mbali wasiotuhusu. Mji wao unaitwa Alder Ford, kusini mwa Marekani. Msiutafute kwenye ramani, maana nimeutunga mwenyewe, na watu wake pia nimewatunga. Lakini kilichotendeka humo kilitendeka katika miji ya kweli, zaidi ya mmoja, wakati mimi nikiwa mtu mzima ninayesoma magazeti. Mniwie radhi nikisema polepole. Ni habari inayochosha kuisimulia, na inachosha zaidi kwa sababu si ngeni.

Mnajua kwamba mababu wa watu weusi wa nchi ile walipelekwa huko utumwani. Utumwa ukafutwa baada ya vita ya wenyewe kwa wenyewe. Ilipokaribia kutimia miaka mia moja tangu hapo, kule kusini mtu mweusi bado alikuwa na mlango wake wa kuingilia, bomba lake la kunywea, behewa lake na shule yake, na vyote vilikuwa duni. Kisha mahakama kuu ya nchi ikasema kuwatenga watoto shuleni ni kinyume cha katiba. Watu wakaandamana. Wengine walifungwa, wengine waliuawa, na mwishowe ikatungwa sheria kwamba mahali pa watu wote ni pa watu wote kweli. Sheria hiyo ilikuwa imefika Alder Ford, na ndiyo iliyowakusanya hao niliowataja.

Sasa bwawa lenyewe. Lilichimbwa zamani, ile miaka ambayo kazi zilikuwa zimekwisha Marekani nzima, serikali ikawapa watu majembe ili wapate cha kula. Bwana Rudd alikuwa kijana wakati huo. Alichimba bwawa lile tangu udongo wa juu mpaka kwenye mwamba, akabeba saruji, akapaka rangi ya samawati. Lilipojazwa maji akapewa kazi ya kulitunza. Mji mzima ulimwita Cleo, watoto wadogo kwa wakubwa, bila Bwana wala Mzee. Mimi nitamwita Bwana Rudd, kwa kuwa ndilo jina lake.

Kila alfajiri Bwana Rudd alisimama ukingoni na wavu wenye mpini mrefu sana, akiopoa majani na wadudu majini. Mpini ule ulifika katikati ya bwawa. Mbona ulifanywa mrefu hivyo? Kwa sababu yeye hakuruhusiwa kuingia. Siku moja aliteleza akizoa majani, mguu mmoja ukazama hadi gotini. Bibi mmoja aliyekuwa akipita akamwona. Asubuhi ile baraza liliamuru maji yote yamwagwe, bwawa lisuguliwe, lijazwe upya. Aliyelimwaga, akalisugua na kulijaza alikuwa Bwana Rudd mwenyewe. Msidhani nimelitia hilo ili kuwashangaza. Desturi hiyo ilikuwepo.

Basi sheria ilipotungwa, Bi. Merriweather aliwaambia wazazi kwamba ataanzisha darasa la kuogelea. Mto wa mji ule una kona yenye maji yanayovuta chini kwa chini, na watoto weusi, kwa kukosa pengine pa kuogelea, walikuwa wanaogelea hapo. Bwana Rudd akamfuata baada ya ibada, akaanza kwa kuzungumzia mvua, kisha akamwuliza kama mzee wa umri wake anaweza kukaa darasa moja na watoto. Mwalimu akamjibu kuwa atamweka mstari wa mbele ili amwone vizuri. Mke wa Bwana Rudd akamshonea bukta kwa kitambaa cha pazia chenye maua, akamtania kuwa akizama atajulikana upesi kwa maua yake. Mzee yule alikuwa hajawahi kutamani kitu mbele ya watu. Sasa alitamani hicho, kuingia katika maji aliyoyachota, katika shimo alilolichimba.

Hilo ndilo lililompeleka kwenye kikao, akiwa amevaa koti.

Bi. Merriweather alipewa nafasi, akasema alichokuja kusema kwa maneno machache. Haombi upendeleo, sheria imekwisha kusema. Anaomba saa za asubuhi ili watoto wafundishwe.

Bwana Satterfield akaegemea kiti chake. "Mwalimu, watoto wenu wana mto. Mungu aliwachimbia bure, na hauhitaji mtu wa kuuzolea majani."

Mezani wakacheka. Bi. Pruitt naye alicheka kidogo, kisha akainama.

"Mto huo umenipunguzia wanafunzi, Bwana Satterfield," akasema mwalimu. "Nadhani ulisikia. Jeneza moja liligongelewa misumari ya duka lako."

Hapo kicheko kikaisha. Dakta Hutchins akatazama saa yake. Alikuwa mtu mpole, asiyemtukana yeyote, na ndani ya moyo wake aliona ombi lile ni la haki. Alitamani tu kikao kiishe kabla hajaulizwa.

Bwana Culpepper hakukasirika. Alisema kwa sauti ya mtu anayefunga hesabu. Sheria inasema bwawa likiwa wazi, liwe wazi kwa wote. Sawa. Hakuna sheria inayosema mji lazima uwe na bwawa. "Kama ni lazima tuingie wote," alisema, "basi asiingie hata mmoja."

Akaomba mikono. Ukainuka wake, ukainuka wa Bwana Satterfield. Dakta Hutchins hakuinua mkono kukubali, wala hakuinua kukataa.

Niwaulize, ndugu zangu. Mnafahamu hasira ya namna hii? Mtu ana sahani mbele yake, anaambiwa amsogezee jirani, naye anaimwaga chini, kisha anakaa na njaa akijihesabu mshindi. Miji ile ilikuwa na joto la kutesa. Watoto wao wenyewe ndio waliokuwa wakiogelea humo kila kiangazi. Waliwanyima watoto wao ili wawanyime wa wenzao, na jioni wakaenda nyumbani wakala.

Malori yakaleta udongo wa kulifukia bwawa. Aliyepewa kazi ya kuusawazisha alikuwa Bwana Rudd, kwa kuwa alikuwa bado mwajiriwa. Alianza upande wa kina kifupi, kule ambako watoto hufundishwa. Alipofika kwenye banda la vifaa alitoa ule wavu wenye mpini mrefu, akamwuliza Bwana Culpepper kama autunze mahali.

"Wa nini tena, Cleo? Tupa humo humo."

Akautupa. Malori yakamwaga juu yake. Wakapanda nyasi, zikaota vizuri, na Bwana Rudd akapewa mashine ya kuzikata.

Kiangazi kikaja. Mnadhani watoto wa Kizungu walikaa ndani? Mtoto ni mtoto, na joto halisomi sheria. Walikwenda mtoni. Walikwenda kwenye kona ile ile, na huko waliwakuta wenzao weusi, wakaoga pamoja, maji yale yale, mbele ya jua. Kile ambacho baraza lilijaza udongo ili kisitokee kikatokea, bila mwalimu na bila mwangalizi. Wazazi hawakusema kitu. Kusema kungekuwa kukiri.

Bwana Culpepper alikuwa na mjukuu, Caroline. Mwaka uliotangulia alikuwa ameanza kufundishwa kuogelea bwawani. Alikwisha kujua kuelea akiwa ameshika ukingo. Somo la kuachia ukingo lingefuata kiangazi hicho.

Jumamosi moja Bwana Rudd alikuwa akivua samaki hapo konani. Watoto wengi walikuwa wamekwenda kwao kula. Caroline alibaki na binamu yake, akaingia kidogo, akarudi, akaingia tena mbali zaidi, na maji yakamchukua. Bwana Rudd alimwona. Akaingia mtoni na nguo zake mpaka maji yakafika kifuani, akanyosha fimbo yake ya kuvulia. Haikufika. Fimbo ya kuvulia ni fupi, ndugu zangu. Alisogea hatua nyingine, mchanga ukamtoka miguuni, akapiga maji kwa mikono kama mtu anayepigana, akabahatika kushika mzizi. Alipoinua kichwa, mtoto hakuonekana tena. Binamu mtu alikuwa amekimbilia mjini akilia.

Bwana Culpepper alifika kwanza, wengine wakiwa nyuma yake. Alimkuta Bwana Rudd ndani ya maji, ameshika mzizi kwa mikono miwili.

"Yuko wapi? Mbona umesimama tu, Cleo?"

"Sijui kuogelea, bwana."

"Miaka yote hiyo umekuwa bwawani."

"Kando, bwana," akasema Bwana Rudd. "Nilikuwa kando."

Nawaomba msimtazame sana Bwana Culpepper. Ni rahisi kumtazama, yeye ni Mzungu na yuko mbali. Tujitazame sisi.

Nje ya kanisa hili kuna bomba. Mnalijua, mmelipita mkiingia. Mtaro wake ulichimbwa na watu wa kambi ya mkonge pamoja nasi, na mawe walibeba wao. Sasa watu wa kambi wanapanga ndoo zao pale, na baadhi yetu hatupendi. Tunawaita manamba mpaka leo, ingawa waliokuja kwa namba, kama vibarua wa mkataba, walikuwa babu zao. Manamba si jina. Mama aliyekuwa wa kwanza kwenye foleni asubuhi hii anaitwa Bi. Yustina Kagoma. Aliye nyuma yake, mwenye mtoto mgongoni, ni mke wa Bwana Lukas Nachingulu. Niliwauliza, wakanijibu kwa adabu.

Diwani amesema bomba ni la wote. Na kwenye kikao cha Alhamisi nimesikia, kwa masikio yangu, wazee wa kanisa hili wakisema heri ling'olewe, kila mtu akachote anakojua. Sitawataja, nao wanajijua. Baada ya ibada Jumapili ijayo tutainua mikono.

Tukiling'oa, sisi tutachota wapi? Watu wa kambi tayari wanalijua shimo la kokoto lenye maji kule bondeni, wanajua pa kukanyaga na pa kutokukanyaga. Watoto wetu hawajui. Au mnadhani tukiwafukuza hawa hapa, hatutakutana nao kule? Tutakutana nao, ila tutakutana nao penye matope, na hatutakuwa tumewaachia sababu ya kutunyoshea mkono. Hata wakitaka kuunyosha, huenda tutakuwa tumekwisha kuufukia ule mpini ambao ungetufikia.

Na wale mnaosema ninyi hamna ugomvi na mtu, mtakaa kimya yaishe, nimewatafutia nafasi yenu katika mfano. Mmekaa pale pale alipokaa Dakta Hutchins, mnatazama saa.

Mimi ni mzee na sina nguvu ya kuwakemea. Nimeona mambo haya ya kumnyima mwenzako kwa kujinyima mwenyewe yakifanywa na Wazungu, kisha na sisi, kwa maneno yale yale, kana kwamba tuliyasoma shule moja. Sina jambo jipya la kuwaambia. Bwana wetu alimwomba maji mwanamke wa taifa ambalo watu wa Bwana mwenyewe hawakuchangamana nalo, kando ya kisima ambacho kila upande ulidai ni chake. Hakuna aliyekifukia kisima kile. Wote walikuwa na kiu.

Nilitaka kuishia hapo, lakini nimetaja watu na sipendi kuliacha jina katikati. Bi. Merriweather aliendelea kufundisha. Bukta ya maua ilibaki sandukuni. Wanaume wa Alder Ford, weupe na weusi, waliingia mtoni pamoja Jumamosi ile, wakashikana mikono kukata maji, wakatafuta mpaka chini ya daraja.

Caroline Ruth Culpepper alipatikana kabla ya jua kuzama. Alikuwa amekufa.