Kigoda Chini ya Tangi

Rangi haiungi chuma. Ala! Nimewaambia neno moja tu, nanyi mmeacha kazi mnauliza nani kalisema? Haya, wanagenzi wangu, wekeni brashi chini. Methali hii ilianza hivi, na anayetaka kucheka acheke sasa, maana mjinga wa kisa hiki ni mimi.

Hapa Tabora alikuwapo mjane mmoja, Bi Nyamizi. Aliniita nimtengenezee mnara wa tangi la maji uani kwake, pale wajukuu zake walipokuwa wakioga. Aliagiza chuma kinene cha pembe, kile kilichokunjwa kama herufi L. Mimi nikaleta mabomba membamba, mepesi kubeba na rahisi kukata. Sasa bomba jembamba ukilichomelea kwa umeme mfululizo linatoboka. Basi nikawa nadonoa tu, nukta hapa, nukta pale, nikasaga, nikapaka rangi ya fedha. Ukapendeza, wallahi! Majirani wakaja kuusifu.

Bi Nyamizi hakusifu. Alikwangua rangi kwa kisu.

"Mshono uko wapi, fundi?"

"Mama, mnara ni imara, haya ni mambo ya mafundi. Wewe rudi jikoni kwako."

Majirani wakaangua kicheko. Wakamwambia apokee mnara, aache ubishi. Akakataa katakata. Aliingia ndani, akatoka na kigoda, akakiweka chini ya tangi.

"Wajukuu wangu hawaogi hapa. Kaa wewe. Mimi nafungua maji."

"Lakini mama..."

"Kaa! Si umesema imara?"

Nikakaa kwa kiburi, watu wakitazama. Maji yalipofika nusu ya tangi, nikasikia juu yangu, ta! Jamani, mbio nilizotoka nazo sijapata kuzirudia. Mnara ukaanguka, kigoda kikawa vipande.

Bi Nyamizi hata hakupaza sauti.

"Rangi haiungi chuma," akasema. "Kesho uje na chuma nilichokuagiza."

Nikaja, na aibu yangu. Nikachomelea mshono mzima kila kona, yeye kasimama pembeni na kigoda kingine mkononi. Akanikalisha tena mpaka tangi likajaa pomoni, ndipo akaniruhusu kupaka rangi.

Naam. Na hiyo bembea ya watoto wa chekechea mnayotaka kuipaka, nimeona mlivyoidonoa. Nani kati yenu ataipanda kwanza?

Mbona mnarudi nyuma? Leteni grainda hapa, tuzikate hizo nukta, tuanze upya. Rangi haiungi chuma.