Fisi na Kivuli Kirefu

Nipisheni niisimulie mimi, maana akiisimulia mwingine mtasinzia kabla Fisi hajaumbuka, na utamu wote uko hapo.

Mwaka huo mvua iliwasahau wanyama. Mito ikageuka mchanga, likabaki shimo moja tu la maji. Simba, ambaye hata akipiga chafya husubiri kupigiwa makofi, akasimika nguzo ndefu ukingoni mwa shimo.

"Hii ni nguzo yangu," akanguruma. "Kila mmoja aweke jiwe lake chini, akae nalo. Ncha ya kivuli ikiligusa, nenda kanywe. Ikilivuka, toka!"

Mpango ukawa mzuri. Asubuhi kivuli kililala upande mmoja, kirefu. Adhuhuri kikajikunyata miguuni pa nguzo. Jioni kikajinyoosha upande wa pili. Fisi alipata zamu ya adhuhuri, jiwe lake likiwa pembeni kabisa mwa maji. Aliyemfuata ni Mama Digidigi, mwenye mtoto mchanga.

Sasa mwambie Fisi atosheke! Wenzake wakisinzia kwa joto, yeye alilikalia jiwe lake na kulisogeza kwa makalio, taratibu, akiifuata ncha ya kivuli. Anakunywa, anasogea. Anakunywa, anasogea.

"Bwana Fisi, zamu yangu imefika," Mama Digidigi alisema.

"Ncha iko wapi? Si juu ya jiwe langu? Una macho au vifungo vya shati?"

Akishamaliza, alilirudisha jiwe mahali pake na kufagia vumbi kwa mkia. Kivuli kilikuwa kimeshavuka jiwe la Mama Digidigi, naye akaondoka na ulimi mkavu. Maziwa yakamkauka. Mtoto wake akawa hawezi hata kusimama. Alipomwendea Simba, Simba alitikisa manyoya.

"Unasema nguzo yangu inadanganya?"

"Hapana, Mfalme."

"Basi!"

Sungura aliyaona yote. Tena yeye alikuwa na mazoea ya kulala chali akikitazama kile kivuli tangu asubuhi mpaka jua linazama, na alikuwa amegundua jambo ambalo Fisi, macho yote kwenye maji, hakuligundua. Akaja mbele ya wote akicheka.

"Ama kweli dunia imeharibika! Bwana Fisi, mwili wote huo, umepewa kivuli kifupi kama mkia wangu? Hujakiona cha jioni? Kirefu kumpita Twiga!"

Masikio ya Fisi yakasimama. "Kirefu? Na ni cha nani?"

"Hakina mwenyewe. Zamu ya mwisho, kule mbali. Ila nasikia Nyati anakitaka."

"Nyati ni nani!" Fisi akaruka mbele ya Simba. "Mfalme, nakitaka cha jioni! Chote! Cha adhuhuri mpeni huyu mama na kitoto chake."

"Hubadilishi tena mpaka mvua inyeshe?" Simba akauliza.

"Naapa!"

"Na jiwe lake lifukiwe nusu, Mfalme," Sungura akadokeza, "Nyati asije akalihamisha." Fisi akamshukuru! Wallahi, akamshukuru.

Adhuhuri, Mama Digidigi aliingia kwenye zamu yake mpya. Jua lilikuwa utosini, ncha ya kivuli ikitambaa kama konokono mgonjwa. Alikunywa mpaka tumbo likajaa.

Jioni ikafika. Fisi alikuwa kule mbali kwenye jiwe lake, mate yakimtoka. Ncha ikaja, ikagusa. Fisi mbio! Hajafika hata nusu ya njia, Simba akanguruma, "Imevuka! Toka!"

Fisi akarudi akihema. Akakivamia kivuli, akakilalia. Kivuli kikampanda mgongoni, kikaendelea na safari zake. Akakiuma, akapata vumbi.

"Sungura amelisukuma jua!" akalia.

"Mimi?" Sungura akacheka hadi akajishika mbavu. "Jua hakuna aliyeligusa. Dunia ndiyo inayozunguka, nawe uko juu yake na meno yako yote. Jua likiwa utosini, ncha hutambaa. Likiinama, kivuli hurefuka, na kadiri kinavyorefuka ndivyo ncha inavyokimbia. Ulitaka kirefu, umepewa kirefu."

"Na umeapa," Simba akamalizia, kana kwamba wazo lilikuwa lake.

Nyota ya kwanza ilipochomoza, mtoto wa Digidigi alikuwa amenyonya, amesimama kwa miguu yake mwenyewe. Fisi alikuwa bado analamba jiwe.

Mtaka yote hukosa yote.