Fundi Aliyeitwa Kuwasha Akazima

Kama una jirani ambaye saa hizi yuko juu ya ngazi na misumari mdomoni, mtumie hii kabla hajagonga mwingine.

Kule Marangu kuna bwana mmoja anaitwa Elinaja. Mwaka mmoja alipanda kutoka Dar na maboksi ya taa za Krismasi. Taa elfu tisa, nasema elfu tisa, zingeweza kuzunguka mlima na zikabaki. Akazifunga mwenyewe kuzunguka paa lote. Ngazi nilimshikia mimi, na ngazi nikishika mimi hata tetemeko likipita haiyumbi.

Asubuhi ya Krismasi akaziwasha. Nusu zikawaka, nusu zikagoma.

Wageni walikuwa wafike saa kumi, ukoo mzima. Basi akaitwa fundi Kisanga. Mtu mfupi, mpole, shati limefungwa vifungo mpaka shingoni. Mimi mafundi nimewaona wengi kuliko nywele zangu, lakini huyu, ndugu zangu, sijaona wa pili.

Alifika, akaangalia paa. Akaangalia waya wa ekstensheni umelala kwenye majani mabichi, kiungo kimefungwa selotepu ya madaftari. Hakugusa kitu. Akaenda moja kwa moja kwenye meinswichi, akazima nyumba nzima.

Elinaja akaruka. "Wewe! Nimekuita uwashe, unazima?"

"Tuzishushe, bosi."

"Zipi?"

"Zote."

"Unajua nimezifunga siku ngapi?"

"Naona. Umezigongea misumari kwenye bati, na waya zenyewe nyingi ni za sebuleni, si za nje."

Elinaja akacheka kwa hasira. "Sikia, Kisanga. Saa kumi zisipowaka, Marangu hii hutashika hata balbu ya chooni. Nitahakikisha."

Ungekuwa wewe ungewasha. Mtu ana watoto wanne, kazi yake ni hiyo hiyo moja. Kisanga hakupandisha hata sauti.

"Nitawasha dakika moja," akasema. "Ila kwanza kila mtu aje asimame hapa nilipo. Mama, na wewe. Weka beseni chini."

Mama aliyeambiwa ni Ndeonasia, mke wa Elinaja. Alikuwa uani na vitambaa vya meza vya wageni, vinachuruzika maji, anaelekea kuanika.

"Nitaanika saa ngapi sasa, fundi?"

"Njoo kwanza, mama."

Akaja. Kisanga akawasha. Akatoa testa mfukoni, ile bisibisi ya mafundi yenye kitaa ndani kinachowaka ikigusa umeme. Tukadhani anapanda kwenye paa. Wapi! Akaenda uani, kwenye waya wa kuanikia nguo, akaugusa kwa ncha ya testa.

Kile kitaa kikawaka. Chekundu.

Nawaambia hata kuku walikimbia uani.

Msumari mmoja ulikuwa umetoboa waya wa taa ukagusa bati. Bati likabeba umeme. Na ule waya wa nguo ulikuwa umefungwa kwenye bati hilo hilo. Fundi angewasha alipoambiwa, Ndeonasia alikuwa amebakiza hatua tatu kuushika, mikono imelowa.

Akamgeukia mumewe. "Baba Neema, kumbe mwaka huu ulitaka kuniwasha mimi!"

Elinaja akakaa chini, pale pale kwenye matope, na suruali yake ya kanisani.

Kisanga akazima tena, akapanda. Taa zikashuka zote. Zenye waya uliochubuka akazitupa. Zilizofaa kwa nje zikatoka mistari mitatu tu. Akaziwasha kwanza barazani, akaona ni nzima, akazichomoa ndipo akazipandisha. Akazishika kwa klipu za plastiki kwenye ubao, msumari hata mmoja hakutumia. Viungo akaviweka juu, pakavu. Waya wa nguo akaukata, akafunga kamba ya katani. Na akasema, "Mkienda kulala, zizimeni."

Saa kumi wageni wakafika. Mistari mitatu ikawaka, na mimi niliyeona taa za miji yote sijaona zilizong'aa vile.

Ukaja wakati wa mbege, pombe yetu ya ndizi, inayonywewa kwa kata ya kibuyu. Kwetu kata ya kwanza ni ya mkubwa wa ukoo, haina mjadala. Elinaja akaijaza, akampita mzee, akampa Kisanga kwa mikono miwili.

Mzee akakunja uso. "Huyu ni nani anywe kabla yangu?"

Akajibu Ndeonasia:

"Baba mkubwa, huyu ndiye aliyefanya mbege hii iwe ya Krismasi. Bila yeye mngekuwa mnainywa kwenye msiba wangu."

Mzee akamsogezea Kisanga kiti. Kisha akasema, "Kunywa, baba. Usiharakishe kuniachia, mimi nitasubiri."

Funzo: Fundi wa kweli humjui kwa anachokuwashia, unamjua kwa anachokataa kukuwashia; ukimpata, shuka kwenye ngazi umsikilize.